Wadudu wa Mzee

Sahani zilikuwa tupu. Mtaalamu alizigeuza moja baada ya nyingine ndani ya hema la maabara, akaziinamisha kwenye mwanga, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye plastiki ya hema, na bado hakuona kitu. Pale alipochora mistari kwa ncha ya kijiti wiki iliyopita, sasa palitakiwa kuwa na vidoa vidogo vya rangi ya maziwa, vilivyojipanga kama punje za chumvi. Palikuwa na jeli tu, safi na inayong'aa, ya kutia hasira.

"Wamekufa," alisema peke yake, mikono ikiwa bado imezama kwenye glavu ndefu za hema. Kisha akajisahihisha, maana alikuwa mtu wa kutaja mambo kwa majina yake. "Nimewaua."

Mtu wa nje angemshangaa. Tangu lini kufa kwa bakteria kukawa msiba? Watu wananunua sabuni kwa kazi hiyo hiyo. Lakini hawa walikuwa wadudu wa mzee, baba mkwe wake, na mzee mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Na palikuwa na mjane mmoja ambaye kila Ijumaa alifunga safari kuja kuwajulia hali.

Kumwomba baba mkwe kinyesi ni jambo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Mtaalamu alikuwa na shahada mbili za kukuza viumbe visivyoonekana, lakini siku Profesa, mkuu wa maabara, alipotangaza kwamba anatafuta wazee wenye matumbo mazima, wasiomeza dawa ovyo, yeye aliinamisha kichwa akatazama kucha zake. Mzee wa namna hiyo alimjua. Alikuwa akimwita baba, na mbele yake hakuwahi hata kupiga miayo.

Akapitishia ombi kwa mume wake, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Mume naye akajikohoza, akaanzia kwenye maendeleo ya sayansi, akapitia afya ya jamii, akakaribia matumbo ya wazee kwa ujumla, mpaka baba yake akamkatiza.

"Wewe mtoto, mnataka mavi yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa si useme! Mficha uchi hazai." Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Mwambie Mtaalamu wangu asione haya. Nimesomesha watoto kwa jasho, nitashindwa kuisomesha dunia kwa hicho?"

Jina la Mtaalamu alilitunga yeye, tangu siku ya kwanza alipoletewa mke wa mwanawe na kuambiwa kazi yake. Likamganda, hata kazini wakaanza kumwita hivyo. Mama mkwe peke yake ndiye hakulitumia. Yeye alimwita mwanangu, na siku ile ya ombi alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, amekunja uso. "Mambo ya chooni yabaki chooni," alisema, akarudi ndani. Hakuna aliyemsikiliza. Mzee alipenda jambo, na mzee akipenda jambo ilikuwa ni kama limeshafanyika.

Hema lenyewe si hema la kulala. Ni boksi kubwa la plastiki nene inayoonyesha ndani, limejazwa gesi isiyo na oksijeni hata chembe, na mbele yake zimechomekwa glavu ndefu za mpira. Mtu huingiza mikono mpaka mabegani na kufanya kazi kama anayetafuta kiatu mvunguni. Ubavuni kuna kijichumba chenye milango miwili. Kila kinachoingia au kutoka hupitia hapo, hewa inafyonzwa, gesi safi inamiminwa, ndipo mlango wa pili unafunguliwa. Usumbufu wote huo una sababu moja: bakteria wengi wa utumbo wa binadamu wanaishi mahali ambapo oksijeni haifiki. Hewa hii inayotupa sisi uhai, wao inawamaliza kabla hujamaliza kuulizia habari za nyumbani.

Kuna pia sheria nyingine ambayo wageni huicheka. Sahani za plastiki za kukuzia, hata ziwe mpya, lazima zilale ndani ya hema usiku mzima kabla ya kutumika. Plastiki huficha hewa ndani yake na kuitoa polepole, kama mtu mwenye kinyongo. Ukiiharakisha, unawalaza bakteria wako juu ya sumu bila kujua. Sheria hiyo ilibandikwa mlangoni kwa wino mwekundu, na mwandiko ulikuwa wa Mtaalamu mwenyewe.

Katika umati uliotoka tumboni mwa mzee, alipatikana mmoja ambaye Profesa hakuwahi kumwona. Alikuwa mdogo, mvivu wa kukua, mchaguzi wa chakula. Wenzake wengi ukiwagandisha kwenye friza wanalala miaka, kisha wanaamka wakidai kula. Huyu alijaribiwa mara kadhaa na hakuamka hata mara moja. Njia ya kumweka hai ilikuwa moja tu: kila wiki, kumhamisha kutoka sahani ya zamani kwenda sahani mpya, kwa mkono, ndani ya hema. Kazi hiyo akapewa Mtaalamu.

"Mkaidi," alisema Profesa. "Sijui amerithi kwa nani."

Mzee alipopelekewa habari alisimama kwenye kiti. Kweli alisimama, na magoti yake yale. "Yaani kuna mdudu hajaonekana duniani kote, na alikuwa amejificha kwangu?" Kuanzia hapo hakuna aliyepona. Kinyozi aliambiwa, fundi bomba aliambiwa, wageni waliofika nyumbani walikaribishwa viti na kuambiwa. Mke wake alikuwa akiinuka na kwenda jikoni kila simulizi lilipoanza. Mtaalamu aliwahi kumwona akienda, mgongo umekakamaa, na akajisikia vibaya kidogo, lakini mzee alikuwa anachekesha na watu walikuwa wanacheka, basi naye akacheka.

Kisha mzee akafa. Alijilaza mchana baada ya kula, moyo ukasimama. Alikufa usingizini, ndivyo mama mkwe alivyowaambia watoto, na wakamshukuru Mungu kwa kifo chepesi.

Baada ya mazishi, nyumba ilipotulia na viti vya kuazima vimerudishwa, mama mkwe alimfuata Mtaalamu uani alikokuwa akianika nguo.

"Wale wadudu wa baba yako," alisema bila kumtazama. "Wako hai?"

"Wako hai, mama."

"Wanakula?"

"Wanakula vizuri."

Mama mkwe alichukua shati kwenye beseni, akalikamua ingawa lilikuwa limeshakamuliwa. "Kwa hiyo mzee hajaondoka kabisa," alisema.

Yule yule aliyekataa neno choo lisitajwe nyumbani kwake akawa hazungumzi kingine. "Hawajambo?" angeuliza kwenye simu. "Hawajambo, mama, wamezaa tena." "Wamezaa! Kumbe mzee bado ana nguvu." Angecheka. Profesa aliposikia akaruhusu aje. Akaja, akavalishwa koti jeupe, akasema amekuwa daktari uzeeni. Akasimama mbele ya hema na kusalimia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesalimia mtu aliyelazwa. Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yamefifia, na plastiki ile nene haikumsaidia.

"Naona ukungu tu, mwanangu. Nasalimia ukungu."

Ndiyo maana Jumatano ya wiki iliyopita Mtaalamu aliondoka kazini mapema, akampeleka mama mkwe kuchukua miwani mpya. Lilikuwa tendo jema, na mabaya mengine huanzia hapo hapo kwenye mema. Kwa kuondoka mapema, hakuingiza sahani mpya kwenye hema zikalale. Aliziingiza Alhamisi asubuhi. Mchana wa Alhamisi ilikuwa zamu ya kuhamisha wadudu wa mzee. Alitazama zile sahani, akaitazama ile karatasi yenye wino mwekundu, akajiambia kwamba saa chache zinatosha, sahani zenyewe ni nyembamba. Akahamisha. Haraka haraka haina baraka, anayajua hayo kila aliyepitia chekechea, lakini mwenye haraka haikumbuki methali, anaikumbuka aliyechelewa.

Ijumaa mama mkwe akaja na miwani yake. Alikuwa amejipamba, amejipaka na mafuta mazuri. Alisogea kwenye hema, akakodoa macho, akapinda kulia, akapinda kushoto. Taa ya juu ilikuwa inang'aa kwenye plastiki.

"Najiona mimi mwenyewe," alisema kwa huzuni. "Siwezi kumshika?"

Hapa msomaji aliyeoa au kuolewa anaelewa. Mkwe ni mkwe, hata umpe shahada kumi. Neno hapana lipo, limeandikwa kwenye kamusi, lakini halitoki mdomoni mbele ya mama wa mume wako, tena mjane, tena aliyevaa miwani uliyompeleka wewe kuichukua. Na Mtaalamu alikuwa na hesabu yake. Ile sahani ya zamani ilikuwa imeshamaliza kazi. Watoto wake walikuwa wameshahamia kwenye sahani mpya ndani ya hema, au ndivyo alivyoamini. Kuitoa ya zamani hakungemdhuru mtu. Akaipitisha kwenye kijichumba, akaitoa, akamkabidhi.

Kabla hajasema neno, mama mkwe alikuwa amefunua kifuniko. Akaleta uso karibu, akavuta harufu ile chachu ya siagi iliyoharibika, akafumba macho. "Ni yeye," alisema, na Mtaalamu alishindwa kujua kama acheke. Kisha mama mkwe akaanza kuzungumza nao. Aliwaambia bomba la uani linavuja. Aliwaambia mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Aliwapulizia maneno na pumzi za joto, na Mtaalamu alisimama pembeni akijua vizuri kwamba vile vidoa vyeupe vinakufa kimoja kimoja kwenye mikono ya mama, na kwamba ingetosha kusema funika, mama, turudishe. Hakusema. Alimwona ana furaha, na akajitia hamnazo.

Na sasa ilikuwa Jumatatu, na sahani mpya zilikuwa tupu.

Alijaribu kila alichokijua. Alikwangua sahani ya zamani, ile iliyopigwa na pumzi, akawapa mabaki yake supu ya nyama, akawapa jeli ya damu, akawapa chakula kilicholala ndani ya hema siku mbili, maana sasa alikuwa mtiifu kuliko malaika. Alikuwa akija asubuhi na kuangalia kabla hajavua mkoba begani. Hakuna kilichoota. Kila alipoingiza mikono kwenye glavu alihisi aibu, kama vile zile glavu zinamfahamu.

Hatimaye akaenda kwa Profesa na kusema yote, pamoja na lile la sahani kutolala, ambalo angeweza kulificha.

Profesa alivua miwani, akasugua macho. Alikasirika, lakini kwa muda mfupi kuliko Mtaalamu alivyotamani. "Wewe ndiye uliyeiandika ile karatasi," alisema. "Lakini vinasaba vyake tumeshavisoma vyote, viko kwenye kompyuta. Makala yetu ya utafiti inaendelea. Kisayansi tumepata hasara, hatujafilisika."

"Na mama mkwe wangu?"

Profesa alimtazama kama aliyeulizwa swali la somo lisilo lake. "Huyo sina kompyuta yake," alisema.

Nyumbani alimwambia mume wake baada ya chakula, watoto wakiwa wameshakwenda kuoga. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akiviringisha kifuniko cha chupa juu ya meza. Wale walikuwa wadudu wa baba yake pia. Mtaalamu alingoja agombezwe. Aliutaka ugomvi, angalau ungekuwa na mwisho.

"Usimwambie mama," alisema mume.

"Siwezi kumdanganya."

"Fikiri kidogo. Utamwambia wamekufaje? Utamwambia sahani hazikulala, sawa, hilo ni lako. Halafu atauliza, na ile niliyoishika? Si ilikuwa na wazima? Utajibu nini? Utamwambia, mama, ile uliipulizia mwenyewe ikafa?"

Mtaalamu alivuta kiti, akakaa.

"Kosa ni lako," mume aliendelea, bila ukali, na huo upole ndio uliochoma. "Lakini ukilitua wewe, analibeba yeye. Mwonyeshe sahani nyingine yoyote. Si wote ni wadudu tu?"

"Si wadudu tu," alisema Mtaalamu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu machozi yakamtoka.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alilala naye kitanda kimoja kila usiku. Alijaribu kulipima lile jambo kila upande. Akisema kweli, anamfanya mjane amuue mume wake mara ya pili. Akinyamaza, anamfanya mjane asalimie kaburi tupu kila Ijumaa. Mwishowe alikata shauri kwamba atasema, ila atasema lake tu. Atasema sahani hazikulala, wakafa, basi. Kama mama akiuliza ile ya kushika, atasema ilikuwa imeshakufa tangu Alhamisi. Huo ungekuwa uongo mmoja mdogo katikati ya ukweli mkubwa, na aliona anaweza kuumeza. Akayafanyia mazoezi maneno yake mbele ya kioo cha bafuni, mswaki mkononi. Mama, kuna jambo. Mama, naomba ukae kwanza.

Ijumaa mama mkwe alichelewa. Alipofika hakuwa amejipamba. Hakusalimia watu wa maabara kwa matani yake, hakusema kuhusu udaktari. Alivaa koti jeupe, akafunga vifungo vibaya, kimoja kikapita juu, na hakujali.

"Mama," alianza Mtaalamu, "kuna jambo."

"Baadaye, mwanangu. Nitolee tena yule mzee. Nina neno naye."

"Mama, naomba ukae kwanza."

"Nikikaa nitaogopa." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nimekuja na neno hili toka nyumbani, nimelibeba njia nzima. Tafadhali. Nikiliahirisha leo sitalisema tena."

Mtaalamu alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukiona hata siku ya mazishi. Mama mkwe alikuwa anaogopa kweli. Maneno ya bafuni yakampotea yote. Akageuka, akaingiza mikono kwenye glavu.

Ndani ya hema hapakuwa na sahani tupu pekee. Kila jaribio linahitaji bakteria wa kawaida wa kulinganisha nao, na katika maabara ile, kwa mazoea ya siku nyingi, wa kulinganisha walitoka kwa wafanyakazi wenyewe, kwa zamu. Mwezi ule ilikuwa zamu ya Mtaalamu. Sahani yake ilikuwa pale, mbele ya macho, imejaa vidoa vyeupe vilivyonona. Aliishika ndani ya glavu. Mkono wake ulitaka kuirudisha, na akaipitisha sahani kwenye kijichumba kabla mkono haujaamua.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Safari hii hakufunua kifuniko. Aliitazama kwa miwani yake mipya, kwa makini.

"Wamenenepa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Usiondoke. Ni vizuri na wewe usikie, maana sina mwingine wa kumwambia." Akashusha sauti, akaiambia ile sahani. "Mzee wangu, ni mimi. Siku ile uliniita. Nilikusikia. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Ukaniita mara ya pili, sauti ndogo, nikasema moyoni mwangu, mwache aite. Nilikuwa nimekununia. Ulikuwa umewaambia wageni habari zako za choo, tena mezani, tena mbele yangu, na nilikuwa nimekuomba uache. Nikasema leo utaona. Nikasuuza vyombo vyote. Nikafuta na meza, meza yenyewe ilikuwa safi. Nilipokuja ulikuwa umeshakwenda."

Aliigeuza sahani taratibu mikononi mwake.

"Watoto nimewaambia ulilala tu. Hukulala. Uliniita mimi na sikuja. Nisamehe, mume wangu. Nimekuja kila Ijumaa niseme hivyo na kila Ijumaa nimekuambia habari za bomba."

Mtaalamu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imejikunja kwenye mifuko ya koti. Alielewa yote kwa pamoja na hakutaka kuelewa. Hizo habari za choo zilizomnunisha mama zilikuwa zake yeye. Ni yeye aliyetuma ombi. Kama asingeomba, mzee asingekuwa na cha kujisifia, mama asingenuna, na mtu angeitwa akaitika. Mama mkwe hakulisema hilo. Inaelekea hata hakuwahi kuliwaza.

"Mtaalamu," mama mkwe aliita, na lilikuwa jina la mzee, hakuwahi kulitumia kabla ya hapo. "Wewe unawajua tabia zao. Wamesikia?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Mtaalamu aliuona mwisho wake pale pale alipokuwa amesimama. Angeweza kusema: mama, hao si yeye, hao ni wangu, wa tumboni mwangu, yeye tulimmaliza wiki iliyopita, mimi kwa haraka na wewe kwa pumzi. Ungekuwa ukweli mtupu, na mama angerudi nyumbani nao.

"Wamesikia, mama."

"Wanasemaje?"

Aliyekuwa akiombwa msamaha alikuwa yeye, na ndiye aliyepaswa kuuomba.

"Wamekusamehe," alisema.

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa taratibu, akaiweka sahani mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Kisha akalia, si kwa kelele, mabega tu yakitetemeka. Mtaalamu alimsogelea akamshika, na akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Basi," alisema mama mkwe alipoweza, akijifuta kwa mkono wa koti la maabara. "Inatosha. Sasa usihangaike nao tena, mwanangu. Umefanya kazi kubwa. Waache wapumzike na yeye apumzike. Nilikuwa namzuia kwa sababu ya hilo neno moja."

Alivua koti, akalitundika. Alikuwa anaelekea mlangoni Mtaalamu aliposhindwa kujizuia.

"Mama, na mimi nisamehe."

Mama mkwe aligeuka. "Wewe? Nikusamehe nini?"

"Nisamehe tu, mama."

Mama mkwe alirudi. Akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwa ile miwani mipya kama alivyoitazama sahani.

"Mikono hii," alisema. "Mimi niliitwa sikwenda. Wewe ndiye uliyemtunza. Usiniombe msamaha, mwanangu, utaniongezea dhambi."

Mtaalamu alifungua kinywa. Mama mkwe alikuwa ameshaushika mlango, anamngoja amsindikize, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Mtaalamu akafunga kinywa, akatoka naye. Njia nzima mpaka getini mama aliendelea kumshukuru, na yeye akaendelea kuitika.